Usiniambie Umeipata kwa Bahati

Kila mara wanafunzi wenzangu wanapoandaa maonyesho ya picha, ubishi huwa ni uleule, na upande mmoja hushangiliwa hata kabla haujamaliza kusema. Upande huo husema hivi: picha iliyopangwa ni ya uongo, picha ya ghafla ndiyo ya kweli. Mpiga picha hodari, wanasema, hutembea na kamera yake begani, macho wazi, na maisha yenyewe humletea cha kupiga. Anayepanga mapema, anayemwambia mtu "simama hapa, geuka kidogo," huyo ni fundi wa studio tu, mtu wa harusi na picha za pasipoti.

Nayapinga maneno hayo, wala si kwa sababu naipenda studio kuliko barabara. Natoka Koboko, na sisi watu wa West Nile tumeyalipia. Kwetu, mtu anayekuja na kamera akisema hapangi chochote, mara nyingi ndiye amekwisha kupanga kila kitu. Na anayenyimwa nafasi ya kupanga ni yule anayepigwa picha.

Nianze na mambo ya darasani kwetu, maana sisi ni wanafunzi wa Kiswahili kabla ya kuwa wapenzi wa kamera. Sote tumesoma habari za malenga wanaojibizana papo kwa papo mbele ya watu. Nani kati yetu anaamini kwamba malenga yule hakupanga kitu? Mizani 16 za kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, kibwagizo, vyote vimo kichwani mwake tangu alipokuwa kijana akiwasikiliza wakubwa wake. Ughafla wake una miaka mingi nyuma yake. Hatumwiti mwongo kwa hilo, wala hatudai kwamba ubeti ulimwangukia kama embe bivu. Mbona basi mpiga picha tunamsifu kana kwamba hakuwa na mkono katika kazi yake? Hata Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye jina lake hutajwa kila panapotetewa picha ya ghafla, alikuwa na mazoea ya kuchagua mahali penye umbo zuri, ngazi au ukuta, kisha kungoja mpaka apite mtu. Anayengoja amepanga. Tofauti ni kwamba hasemi.

Hayo ni ya nadharia. Ugomvi wangu hasa uko Yumbe, wilaya iliyopakana na Koboko. Julai 2016 mapigano yalizuka upya Juba, Sudan Kusini, na watu wakamiminika kuvuka mpaka. Agosti mwaka huohuo makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalifunguliwa, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Wengi wao walitoka Ekwatoria, wakiwemo Wakakwa, ndugu zetu kabisa, maana Wakakwa tumegawanywa na mipaka mitatu: ya Uganda, ya Sudan Kusini na ya Kongo. Baada ya wakimbizi wakaja wapiga picha. Sisemi walikosea kuja. Bila picha zao sidhani kama turubai na unga vingefika upesi vile.

Lakini tazameni njia wanayopitia. Mwandishi au mpiga picha haingii katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda kwa kutembea tu. Anahitaji barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia wakimbizi. Akifika anaripoti kwa kamanda wa makazi. Mara nyingi anapanda gari la shirika, na gari lina ratiba: saa nne kituo cha afya, saa sita shule, saa tisa bombani, maana jioni lazima magari yarudi mjini. Anapewa mkalimani. Shirika lina mradi, mradi una mfadhili, na mfadhili anataka kuona alicholipia. Mpaka mpiga picha anapofungua kifuniko cha lenzi, watu watano au sita wameshaamua atakachokiona. Kisha picha inatoka, na chini yake hakuna neno hata moja kuhusu barua, ratiba wala gari. Kuna mama tu na mtoto, kana kwamba mwenye kamera alikuwa mpita njia.

Nilifanya kazi ya ukalimani Bidi Bidi kwa siku tatu, wakati wa likizo, kwa shirika ambalo sitalitaja. Nilichukuliwa kwa sababu najua Kikakwa, na Kinubi changu kinasikilizana vizuri na Kiarabu cha Juba. Mpiga picha hakuwa mgeni kutoka ng'ambo, kama mnavyotarajia niseme. Alikuwa Mganda mwenzetu wa Kampala, kijana mwema, mwenye adabu kwa wazee, aliyetugawia maji yake njiani. Mfukoni alikuwa na karatasi iliyokunjwa, aliyopewa ofisini. Niliisoma. Ilikuwa na mistari minane: mama na mtoto mchanga, uso ujae fremu. Mtoto na maji, furaha. Mikono ya mzee. Machweo. Na kadhalika. Mikono ya mzee ilinishangaza zaidi. Mzee mwenyewe hakuwa na haja ya kuja, mikono tu ingetosha.

Siku ya pili tulimkuta mama mmoja nje ya nyumba yake. Nikamweleza shughuli yetu, akakubali. Kisha akaniambia kwa Kikakwa, "Mwanangu, mwambie angoje kidogo. Nivae kitenge changu, na nilete cheti changu nikishike." Alikuwa mwalimu huko Yei. Alipokimbia alikifunga cheti chake cha ualimu ndani ya mfuko wa nailoni na kukibeba porini mpaka mpakani. Nikatafsiri. Kijana akatabasamu na kusema hapana, asibadilishe nguo, alivyo ndivyo vizuri, yeye hapendi picha za kupanga. Basi mama akabaki na gauni lake la kazi. Halafu mwanga ukawa mzuri upande wa bomba, na mama akaombwa aende na jerikeni, arudi nayo. Akaombwa tena. Akaombwa mara ya tatu, kwa sababu mara ya pili mtoto alikuwa amepita mbele. Mama alipofika mara ya tatu aliitua jerikeni, akanitazama, akasema, "Huyu kijana ana kiu kweli." Hilo sikulitafsiri, maana lilikuwa la kwetu wawili.

Fikirini kilichotokea pale. Palikuwa na mipango miwili. Mmoja ulikuwa wa mama: kitenge, cheti, kusimama wima kama mwalimu. Mwingine ulikuwa wa karatasi: gauni la kazi, jerikeni, mwanga wa jioni. Ulioshinda ni wa karatasi, na uliposhinda ukaitwa uasilia, ukaitwa kutopanga. Huo ndio utamu wa fundisho la picha ya ghafla kwa mwenye kamera. Linamwezesha kuukataa mpango wa mwenzake kwa jina la ukweli, bila kuutaja wa kwake. Na sheria haimzuii. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka mtu aombwe ridhaa, na mama yule aliombwa na akaridhia. Alichokosa ni kauli juu ya picha yenyewe.

Najua nitajibiwa kwamba hizo ni picha za mashirika, ni biashara, na kwamba wapiga picha wa habari ni watu wa namna nyingine. Sawa, tuwatazame hao. Mwaka 1993 Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga picha Ayod, ambako sasa ni Sudan Kusini: mtoto aliyedhoofika kwa njaa ameinama chini, na nyuma yake tai anamtazama. Ilichapishwa katika gazeti la New York Times tarehe 26 Machi 1993, na mwaka uliofuata ikampatia tuzo ya Pulitzer. Hakuna picha inayosifiwa zaidi kama tukio lililomkuta mtu njiani. Lakini Carter alifika Ayod kwa ndege ya misaada, tena kwa muda mfupi tu. Na kwa maelezo yake mwenyewe, yaliyoandikwa mara nyingi, alikaa kama dakika 20 akitumaini yule ndege atakunjua mbawa zake. Dunia ilimlaumu kwa kutomsaidia mtoto, na lawama hiyo imeshajadiliwa ya kutosha, siiongezi. Ninachoona mimi ni zile mbawa. Tayari alikuwa na picha kichwani mwake iliyo bora kuliko iliyokuwa mbele yake, akawa anaingoja ije. Kama huko si kupanga, basi neno hili halina maana.

Sasa twende kwa yule anayedharauliwa, fundi wa studio. Kwenye miji yetu, Arua na Koboko, studio ni chumba chenye pazia, pengine ukuta uliochorwa maporomoko ya maji au mji wenye maghorofa, kiti, kioo, kitana cha kufungwa kwa uzi ili kisiibwe, na koti. Koti ni muhimu. Huko Gulu, upande wa Waacholi mashariki mwa Mto Naili, Mwitaliano Martina Bacigalupo alikuta katika studio moja rundo la picha zilizokatwa uso. Mashine ya pale ilitoa picha ndogo nne kwa pamoja, na mteja aliyetaka moja tu aliona ni hasara. Basi fundi alimpiga picha kubwa, akaukata uso mstatili, na kilichobaki kikatupwa. Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo, na mwaka 2013 yakatoka kama kitabu, *Gulu Real Art Studio*. Ukiyapanga pamoja unaona koti lilelile kwa watu mbalimbali, kubwa kwa huyu, limembana yule, maana ni la studio. Chini ya koti unaona mikono, sketi, ndala, mtoto aliyepakatwa. Hakuna aliyejidai kwamba hakupanga. Koti lenyewe linakiri.

Nyumbani kwetu tuna picha moja ya habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Ilipigwa studio mjini Arua kabla ya 1979. Amevaa gauni alilolishona mwenyewe, mkono mmoja umewekwa juu ya redio kubwa. Redio si yake. Kila mtu nyumbani anajua kwamba redio si yake, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutuambia. Amin alipoanguka na wanajeshi wa serikali mpya wakaingia West Nile kulipiza kisasi, watu kwa maelfu walivuka kwenda Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua watu katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, mahali walipokuwa wamekimbilia kujihifadhi. Habuba alivukia Kaya na picha hiyo imeshonewa ndani ya pindo la nguo. Alikaa Sudan miaka kadhaa. Kutoka miaka yote hiyo hatuna picha yake hata moja, wala ya ghafla wala ya kupanga. Ninachokijua juu ya yale aliyoyataka maishani kabla hajawa mkimbizi nakijua kwa sababu ya ile redio. Mnataka kuniambia picha hiyo ni ya uongo?

Hapa mtu mwerevu ataninyang'anya fimbo yangu na kunichapa nayo. Atasema: kama kupanga ni haki ya anayepigwa picha, basi tumpe haki hiyo na Idi Amin, aliyejihesabu mtu wa Koboko. Nani alijipanga kuliko yeye? Ni swali la haki. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitoa filamu juu ya Amin na kuiita picha ya Amin iliyochorwa na Amin mwenyewe. Alimwachia achague: huyu hapa akiwaamuru wanajeshi wake wafanye mazoezi ya kuivamia Golan, huyu hapa akiwakemea mawaziri mezani. Kila kitu kilipangwa na mwenyewe, na Schroeder hakuuficha mpango huo. Aliuacha uonekane na kamera ikaendelea kuzunguka. Matokeo yake Amin alijianika kuliko ambavyo adui yake yeyote angeweza kumwanika. Alipoona watu wa Ulaya wanacheka, aliwazuia Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka akakatiwa vipande alivyovichukia.

Tofautisha na wapiga picha wa Wizara ya Habari yake. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, lilionyesha sehemu ya picha zao, kutoka hazina ya negativu kama 70,000 zilizokutwa katika Shirika la Utangazaji la Uganda. Ni sherehe, ziara, mikutano, washtakiwa wa mahakama ya makosa ya uchumi wamesimamishwa na bidhaa zao. Karibu zote zina sura ya tukio lililonaswa tu, Rais akicheka, Rais akicheza ngoma, Rais akisalimiana na wananchi. Mauaji ya miaka ile ni kama hayakuwapo. Ukiangalia hazina nzima ndipo unapoona mpango. Picha moja moja haukuonyeshi, na msomaji wa gazeti wa wakati ule aliiona moja moja.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwerevu ni hili. Amin alikuwa na jeshi, kwa hiyo hakuhitaji ruhusa ya mtu ili apange. Mwalimu wa Yei alikuwa na kitenge. Ukiniambia hao wawili ni sawa kwa kuwa wote walitaka kuonekana vizuri, tutakuwa tumeacha kuzungumza juu ya picha na kuanza kucheza na maneno.

Lipo pingamizi moja ambalo silichukulii kwa wepesi. Tarehe 13 Agosti 2018, siku ya mwisho ya kampeni za uchaguzi mdogo wa ubunge wa Manispaa ya Arua, Yasin Kawuma, dereva wa Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alipigwa risasi na kufa ndani ya gari. Siku hiyohiyo Herbert Zziwa na Ronald Muwanga wa televisheni ya NTV walikamatwa Arua wakiwa kazini. Wiki moja baadaye, Kampala, wanajeshi walimpiga James Akena, mpiga picha wa Reuters, na picha zake akiwa amepiga magoti na mikono juu zilienea kila mahali kwa sababu wenzake walikuwa karibu na kamera zao. Hakuna aliyepanga tukio lile kwa ajili ya kamera. Je, si huo ndio ushindi wa picha ya ghafla?

Ni ushindi wa watu waliokuwapo, nami nawavulia kofia. Lakini ofisi za habari zilikwisha kuamua nani aende Arua, alale wapi, asimame wapi, atume picha kwa njia gani. Wenzake Akena walijua barabara zipi zitawaka siku ile. Na upande wa pili nao walikuwa na mpango wao, kwamba picha zisipigwe. Wanahabari wale hawakupigwa na kukamatwa kwa sababu ya bahati njema. Ukiiita kazi yao bahati unawanyang'anya sifa, na kwa upande mwingine unamsaidia mwenye rungu kudai kwamba mwenye kamera alikuwa mzembe tu aliyejitokeza mahali pasipomhusu.

Basi ninachotaka ni kitu kidogo, na nimekwisha kukipeleka kwenye kamati ya maonyesho yetu. Chini ya kila picha, baada ya jina la mpiga picha na mahali, iandikwe mistari mitatu: nani alichagua mahali na wakati, mtu aliyepigwa aliombwa kurudia nini, yeye mwenyewe aliomba nini na akakataliwa. Picha ya barabarani nayo isisamehewe. Mwenye nayo aandike alingoja muda gani. Wahadhiri wanaosahihisha kazi za picha waulize maswali hayohayo kabla ya kutoa alama kwa "uasilia", neno ambalo ningefurahi kutoliona tena katika karatasi ya mtihani.

Mwenzangu mmoja katika kamati amesema maelezo marefu yataua uzuri wa picha. Mwingine ameuliza nani atakubali kuandika kwamba alimkatalia mtu kitenge. Huyo wa pili ameelewa vizuri. Na wakati wanaendelea kubishana, mimi nina orodha yangu, nami siifichi: wachuuzi wanaotoka Arua kwenda soko la Ariwara, ng'ambo ya Kongo, wakulima wa tumbaku, watu wa Salia Musala, mahali nchi tatu zinapokutana, walimu wakimbizi wa Yumbe, kila mmoja na cheti chake, amevaa anachotaka kuvaa. Nitaandika barua Ofisi ya Waziri Mkuu, nitangoja jibu, nitatafuta usafiri. Koti nitalibeba, kwa atakayelitaka.